Kila Chuma Kina Mwenyewe: Biashara ya Vyuma Vikuukuu na Amani Kilwa

Mazungumzo na familia zilizohama makwao, machifu na viongozi wa vikundi, Kilwa, teritwari ya Pweto



  Mmetuomba tuzungumze juu ya biashara ambayo wengi wanaidharau, lakini inalisha watu: kununua na kuuza vyuma vikuukuu, ile ambayo vijana wanaiita mitrayi, pamoja na kuuza tena vitu vya ziada kama mapipa, madebe, maturubai, mabati na vipande vya magari.

Tunaelewa kwa nini familia nyingi zilizohama zinaingia katika kazi hii. Mtu anapokimbia habebi shamba lake. Akifika Kilwa, ardhi ina wenyewe, na uvuvi unahitaji nyavu na mtumbwi. Lakini chuma kinaokotwa. Kijana mwenye gunia na miguu yenye nguvu anaweza kuanza leo bila mtaji. Ndiyo sababu hatukuja kuwaambia muiache kazi hii. Tumekuja kusema neno moja: kabla ya kuuliza chuma kina kilo ngapi, tuulize kimetoka wapi. Tukiuliza hivyo, biashara hii itajenga amani. Tusipouliza, itageuza uporaji kuwa pesa, na itawapa watu sababu mpya ya kugombana.

1. Vyuma hivi vimetoka wapi?

Wengi wenu mnaijua historia hii kuliko sisi, lakini tuikumbuke kwa sababu ya vijana.

Mwezi wa 12 mwaka 2000 mji wa Pweto uliangukia mikononi mwa RCD na jeshi la Rwanda. Maelfu ya askari wa serikali na wa washirika wake, pamoja na raia wengi, walivuka kwenda Zambia, na vifaa vingi vya vita viliachwa nyuma. Familia nyingi ziliishi miaka mingi katika kambi za Kala na Mwange, mpaka kambi hizo zilipofungwa mwaka 2010.

Tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia hapa Kilwa. Kesho yake jeshi liliurudisha mji. Umoja wa Mataifa ulichunguza na kusema kwamba zaidi ya watu 70 waliuawa, na nyumba na maduka yaliporwa. Watu wengi walikuwa wamekimbilia visiwani na ng'ambo ya ziwa. Katika miaka hiyo hiyo vita vya Mai-Mai viliwatoa watu vijijini katika Mitwaba, Manono na Pweto. Gédéon Kyungu Mutanga alijisalimisha Mitwaba mwezi wa 5 mwaka 2006, lakini mwaka 2011 alitoroka gerezani Lubumbashi na vita vikawaka tena. Mwaka 2017 watu wengi walivuka tena mpaka, na Zambia ikafungua makao ya Mantapala, wilaya ya Nchelenge, mwanzoni mwa mwaka 2018.

Kila mara watu walipokimbia, vitu vilibaki: mabati juu ya nyumba, baiskeli, cherehani, mashine za kusaga, sufuria. Tena kuna mgodi wa Dikulushi, ambao kampuni ya Anvil Mining ilianza kuuchimba mwaka 2002. Mawe yake ya shaba yalipita hapa Kilwa na kuvushwa ziwani kwenda Zambia. Kazi ya mgodi huacha nyaya, mapipa, mabomba na magari mabovu.

Kwa hiyo chuma kilichoko kwenye gunia la kijana kinaweza kuwa takataka tu. Kinaweza pia kuwa mali ya mgodi, mali ya serikali, kipande cha bomu, au bati la mama aliyeko Zambia. Kwa macho hatuwezi kutofautisha. Lazima tuulize.

2. Kazi yenyewe inavyoendeshwa

Kazi ya chuma si ngeni kwetu. Kabla ya wakoloni, wazee wa Katanga waliyeyusha shaba na kuimimina katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilitumiwa kama pesa mbali sana na hapa. Hata leo faida hupatikana kwa mwenye maarifa, si kwa mwenye gunia kubwa.

Jambo la kwanza ni kuchagua. Anayeuza vyuma vimechanganyika hulipwa bei ya kile kilicho duni kabisa. Tafuteni sumaku kutoka spika ya redio iliyokufa. Chuma cha kawaida kitashikwa na sumaku; shaba nyekundu, shaba ya manjano na aluminiamu havishikwi. Wekeni kila aina katika gunia lake. Nyaya za shaba zivuliwe plastiki kwa kisu. Msizichome moto. Moshi wa plastiki ni sumu kwa mtoto aliye karibu, na shaba iliyoungua hupoteza bei.

Jambo la pili ni kujua soko. Kutoka hapa mpaka Lubumbashi ni karibu kilomita 350 za barabara mbaya, na wakati wa mvua gari linaweza kukwama siku nyingi. Chuma cha kawaida ni kizito na bei yake ni ndogo. Usafiri unaweza kula faida yote. Kwa hiyo kiuzwe karibu, kwa wahunzi. Springi ya gari ni jembe au panga. Rimu na pipa ni mbabula. Debe la mafuta ya msaada ni koroboi au kopo la kumwagilia bustani. Shaba na aluminiamu, ambazo zina bei kubwa kwa kilo, ndizo zinazoweza kuvumilia safari ya mbali. Hata aluminiamu, ikiwa kuna fundi wa kuyeyusha, ni bora iwe sufuria hapa hapa kuliko kuondoka kama kipande cha pistoni.

Jambo la tatu ni karatasi. Mfanyabiashara awe na patenti. Anayetaka kuvusha mzigo kwenda Nchelenge apite kwa DGDA na kupewa hati. Mzigo wa usiku kwenye mtumbwi unaweza kuonekana una faida, lakini siku ukikamatwa, jina litakaloharibika ni la watu wote waliohama, si la mtu mmoja.

3. Vyuma ambavyo hatununui

Kwanza, silaha na mabomu. Bunduki, hata iliyoshika kutu, si chuma kikuukuu. Ipelekwe kwa wenye mamlaka. Na kombora la chokaa, roketi au gruneti ambayo haikulipuka inaweza kulala ardhini miaka 20 na bado ikaua. Kutu haiondoi baruti. Waokota vyuma ni kati ya watu wanaoumia zaidi kwa mabaki ya vita duniani, kwa sababu wao hugusa, hubeba, hugonga na kukata. Ukiona kitu cha namna hiyo, usikiguse, usikirushie jiwe, usikichome. Rudi kwa njia ile ile uliyojia, weka alama mbali nacho, mwambie chifu, naye apeleke habari kwa utawala ili ifike kwa CCLAM, kituo cha Kongo cha kupambana na mabomu ya ardhini. Hata maganda ya risasi, ambayo watoto huyapenda kwa sababu ni shaba ya manjano, yasinunuliwe. Mnunuzi anayetoa franka kwa ganda moja anamtuma mtoto arudi porini kutafuta mengine, na huko hatakuta maganda peke yake. Ndiyo maana tunawaomba wenye depo wote: msinunue chuma chochote mkononi mwa mtoto.

Pili, mali ya watu wote: pampu ya kisima, waya wa umeme, vyuma vya daraja, mlango wa shule, kitanda cha hospitali. Atakayeuza pampu atapata pesa ya wiki moja, na kijiji kizima kitakunywa maji ya ziwa na kuugua. Tena hasara huwafikia wafanyabiashara wenyewe. Mwezi wa kwanza mwaka 2022 nguzo za umeme zilianguka Kenya na nchi karibu yote ikaingia gizani. Serikali ilisema vyuma vya nguzo hizo viliharibiwa na watu, na tarehe 20 Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu. Marufuku hiyo ilidumu mpaka mwezi wa 5, ilipoondolewa na kuwekwa kanuni mpya. Kwa muda huo wote wenye depo waaminifu walifunga milango pamoja na wezi. Sisi pia tukinyamaza juu ya wachache, tutaadhibiwa wote.

Tatu, vitu vyenye sumu na vyenye kulipuka. Betri ya gari ina tindikali na madini ya risasi. Katika mtaa wa Thiaroye, Dakar, nchini Senegal, watu walifanya biashara ya risasi ya betri za zamani, hata wakachekecha mchanga nyumbani ili kuipata. Kati ya mwezi wa 11 mwaka 2007 na mwezi wa 3 mwaka 2008 watoto 18 walikufa hapo. Betri ziuzwe nzima, zisipasuliwe nyumbani wala kuyeyushwa jikoni. Na pipa lililokuwa na petroli lisikatwe kwa moto hata kama linaonekana tupu. Mvuke uliobaki ndani hulipuka.

Nne, mali ya aliyekimbia. Juu ya hili tunaomba tukae zaidi.

4. Mali ya aliyekimbia

Tuchukue mfano. Mama mmoja anarudi kutoka ng'ambo baada ya miaka. Nyumba yake haina paa. Siku ya soko anapita mtaani na kuona mabati 12 juu ya nyumba ya mtu mwingine, yana rangi ya kijani ambayo mume wake marehemu aliipaka kwa mkono. Anapiga kelele. Mwenye nyumba anatoka na kusema: "Mimi si mwizi, nilinunua depo." Mwenye depo anasema: "Mimi nilinunua kwa kijana." Kijana anasema: "Mimi nilinunua kwa askari," na askari alihamishwa zamani. Wote wanasema wamenunua, na mama hana paa.

Kama mama ni wa kabila moja na mwenye nyumba ni wa kabila lingine, au mmoja ni mwenyeji na mwingine ni mgeni, mabati 12 yanatosha kuleta mapanga. Ndipo tunasema biashara ya vyuma ni kazi ya amani au ni kazi ya vita. Haiko katikati.

Kuna sheria juu ya jambo hili. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya watu waliohama ndani ya nchi yao, za mwaka 1998, katika kanuni ya 21 zinasema kwamba mali iliyoachwa na waliokimbia ilindwe isiharibiwe wala kuchukuliwa kinyume cha sheria. Kanuni ya 29 inasema wenye mamlaka wana wajibu wa kuwasaidia wanaorudi kupata tena mali yao, na kama haiwezekani, wapate fidia. Kukimbia si kutupa. Mtu aliyeokoa roho yake hakuacha haki ya nyumba yake.

Tunapendekeza machifu na vikundi wafuate njia hii:

Mwenye kudai asichukue kwa nguvu, na mwenye kudaiwa asiuze wala kuhamisha kitu mpaka shauri liishe.

Chifu aite baraza dogo ambamo wenyeji wamo, waliohama wamo, na wanawake wamo. Baraza la upande mmoja halitaaminiwa na upande wa pili.

Alama ziangaliwe: rangi, matundu ya misumari, namba ya baiskeli, mahali palipochomelewa. Majirani wa zamani waulizwe.

Kitu kifuatwe kurudi nyuma, kutoka mkono hadi mkono. Aliyenunua bila kujua asiitwe mwizi mbele ya watu. Arudishiwe pesa na aliyemwuzia, na huyo naye amfuate aliyemwuzia yeye. Kama mlolongo umekatika, baraza litafute mapatano: nusu ya mabati yarudi sasa, mengine yalipwe kidogo kidogo, au mwenye depo achangie.

Lakini mapatano ya mabati yasitumiwe kufunika damu. Baraza halina uwezo wa kusamehe mauaji wala ubakaji kwa malipo ya vitu. Hayo ni ya mahakama. Hapa Kilwa mnajua uchungu wa hukumu ya mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi ya mwezi wa 6 mwaka 2007, ambapo washtakiwa hawakuonekana na hatia kwa mauaji ya 2004. Mnajua pia kwamba Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu baadaye ilisema serikali ya Kongo iliwajibika, na kwamba waathirika walipwe. Haki ikichelewa juu ya mambo makubwa, watu hukosa uvumilivu juu ya mambo madogo. Ndiyo sababu mambo madogo tuyatunze vizuri.

Kuna upande mwingine pia. Familia iliyohama ikiuza turubai lake au sufuria ya msaada ili imnunulie mtoto dawa, isiitwe familia ya wezi. Kitu walichopewa ni chao. Aibu ni ya mnunuzi anayengoja mlangoni siku ya ugawaji ili anunue kwa bei ya njaa. Na viongozi mtuvumilie tukisema wazi: kuandika majina ya uongo kwenye orodha ili kupata maturubai ya kuuza sokoni ni wizi, hata kama anayefanya hivyo ana cheo.

5. Daftari na mizani

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Depo ndogo inahitaji vitu viwili kabla ya kitu kingine chochote, navyo ni daftari na mizani ya haki.

Katika daftari iandikwe: tarehe, jina la muuzaji na kijiji chake, aina ya kitu, kilo, bei, na kilipotoka. Asiyejua kuandika aweke kidole, na shahidi aweke jina. Kitu chenye shaka, kama mabati ya nyumba, baiskeli, cherehani au mashine, kisivunjwe wala kuuzwa kwa siku 30. Kitangazwe kanisani, msikitini na sokoni. Mwenyewe akitokea na alama zake, kirudi kwake. Asipotokea, kiuzwe, lakini ukurasa wake ubaki. Mama wa mabati ya kijani angekuwa na ukurasa wa kusoma, shauri lake lingechukua siku mbili badala ya miaka miwili.

Juu ya mizani, tufanye hesabu. Tuseme kilo moja ni franka 500. Huu ni mfano, si bei ya soko. Mizani ikipunguza kilo 2 katika kila kilo 20, kijana anayeleta kilo 20 kila wiki anaibiwa franka 1,000 kwa wiki, yaani franka 4,000 kwa majuma manne. Yeye hajui hesabu, lakini anahisi. Siku moja ataamua kwamba wenyeji wanawanyonya wageni, na hapo neno la mizani limekuwa neno la kabila. Pimeni mizani mbele ya watu kila siku ya soko, kwa kitu ambacho uzito wake wote wanaujua, kama mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa.

Tunashauri pia depo iwe ya kikundi cha mchanganyiko. Waliohama wanajua njia za vijijini. Wenyeji wana uwanja na wanajuana na wahunzi. Anayeshika daftari asiwe yule anayeshika pesa. Faida igawanywe sehemu tatu: ya wafanyakazi, ya mtaji, na ya akiba ya msiba na ugonjwa. Watu waliolia pamoja na kuzikana pamoja kwa pesa ya akiba moja hawachochewi kwa urahisi.

6. Mfano wa jirani

Baada ya vita vya Msumbiji, mwaka 1995 Baraza la Wakristo la nchi hiyo, likiongozwa na Askofu Dinis Sengulane, lilianza kuwapa watu majembe, baiskeli, cherehani na vifaa vya ujenzi badala ya silaha. Silaha ziliharibiwa na wataalamu, na baadhi ya vipande vikapewa wasanii. Mmoja wao, Kester, alitengeneza kiti kwa vipande vya bunduki, ambacho leo kiko katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Katika Katanga yetu pia, katika miaka ya 2000, shirika la PAREC la Mchungaji Ngoy Mulunda liliwapa baiskeli waliorudisha bunduki.

Tuangalie utaratibu wao. Aliyeleta silaha aliileta wazi, mbele ya watu wanaoaminika, na akarudi nyumbani na chombo cha kazi. Sisi hatukati bunduki, lakini tunaweza kuiga uwazi ule: kila chuma kipite mbele ya macho ya watu, kiandikwe, kisha kiwe jembe.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

Je, katika mtaa wetu kuna depo ngapi, na ni ngapi zina daftari?

Kama mtu akirudi kesho na kutambua mali yake, atakwenda kwa nani kwanza? Je, wageni na wenyeji wote wanamwamini mtu huyo?

Watoto wetu wanaokota vyuma wapi, na nani amewafundisha juu ya mabomu?

Tungependa kila kikundi kijibu maswali haya kabla ya kuachana leo, na kila chifu aseme mbele ya watu ni lini ataita baraza lake. Sisi tutapita tena kuona madaftari.